'Mtandao unasumbua': Foleni nyingine inayochelewesha mzigo mpakani

Lori limefika mpakani alfajiri na nyaraka zote ziko sawa. Lakini wakala wa forodha anatoka ofisini na jibu ambalo wafanyabiashara wamelizoea: mtandao unasumbua. Dereva anazima injini. Nyanya zinaendelea kuiva juu ya lori.

Vituo vya pamoja kama cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, vimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Lakini fomu za forodha hupita kwenye kompyuta, hivyo mtandao wa ofisi ya wakala nao ni sehemu ya gharama ya safari.

Wenye ofisi wengi hukimbilia kulipia intaneti ya kasi zaidi. Wakati mwingine tatizo liko kwenye kisanduku kidogo ukutani: swichi, inayounganisha nyaya za kompyuta zote. Ikiachwa ilivyotoka dukani, kwa kawaida haijui kipi ni cha haraka. Kamera moja ya ulinzi inayorusha picha nje ya ofisi huweza kutumia megabiti 4 kwa sekunde. Kamera 10 ni megabiti 40. Kwenye laini ya megabiti 20, fomu ya forodha, ingawa ni nyepesi, hukwama nyuma ya video.

Swichi zinazokubali kupangwa zina dawa tatu. Kwanza, milango yake, yaani matundu ya kuchomekea nyaya, hugawanywa katika makundi yaitwayo VLAN: kompyuta za forodha peke yake, kamera peke yake, wageni peke yao. Pili, kila kundi hupewa daraja, kati ya 0 na 7, ili foleni ikijaa la forodha litangulie. Tatu, milango ya kamera na wageni huwekewa kikomo cha kasi. Ruta inayopeleka data nje nayo ifuate mpangilio huohuo, la sivyo foleni itahamia hapo.

Dawa hii haisaidii mkongo ukikatika au seva ya mamlaka ya mapato ikizimika. Lakini ikiwa fomu hupita haraka pale wageni wanapotoka kwenye mtandao, ugonjwa uko ndani ya ofisi.

Mfanyabiashara hahitaji kujua kupanga swichi. Anaweza kumuuliza wakala swali moja kabla ya kumkabidhi kazi: hapa kwako, fomu yangu hupita kabla ya video au baada yake?