Skafu isiyowasha shingo: namna ya kuchagua uzi laini wa bei nafuu



Juma hili tuzungumze juu ya kitu kidogo: uzi wa kufuma skafu. Najua wengine watasema uzi ni uzi. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka siku nilipofungua meza ya mwanafunzi wangu.

Alikuwa msichana wa darasa la tatu. Jamaa yake ilikimbia kutoka milima ya Djugu, kama jamaa nyingi zilizofika Bunia tangu vita ilipoanza tena mwisho wa mwaka 2017. Wakati wa mvua alikuwa akifika darasani anatetemeka. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200, na sote tunajua baridi ya saa kumi na mbili asubuhi wakati ukungu haujaondoka. Basi nikaenda sokoni, nikanunua mabonge mawili ya uzi wa bei ya chini kabisa, nikamfumia skafu nyekundu kwa jioni nne. Alifurahi sana.

Siku tatu baadaye nikamwona shingo wazi. Nikauliza skafu iko wapi, akainamisha kichwa. Niliikuta ndani ya meza, imekunjwa vizuri chini ya daftari. Akasema polepole, "Mwalimu, mnisamehe. Inaniwasha."

Nikaivaa mwenyewe nikirudi nyumbani. Sikufika nusu ya njia, nikaitoa. Mtoto alikuwa amevumilia siku tatu kwa heshima tu. Franki zangu zilipotea, na yeye alibaki na baridi yake. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Lakini dawa yake si kununua uzi wa ghali. Dawa ni kujua kuchagua.

Soma karatasi kwanza

Wengi wetu tunaita kila uzi wa kufuma "laine", kana kwamba wote umetoka kwa kondoo. Soma karatasi iliyozunguka bonge. Mara nyingi utakuta imeandikwa "acrylique". Na si jambo baya. Sufu ya kweli ina joto, lakini ni ya bei ya juu, hupenda kuliwa na nondo, na ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua inarudi nyuma mpaka inamfaa mwanasesere. Tena sufu nene inachoma ngozi: nyuzi zake zikipita unene wa maikroni 30 hivi, ncha zake zinadunga kama vijiti vidogo. Kwa hiyo mtoto anayejikuna si lazima awe mgonjwa. Pengine anadungwa tu.

Kwa skafu yetu, tuangalie aina tatu.

Akriliki. Hutengenezwa kiwandani kutokana na petroli. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza nyuzi hizi mwaka 1950 kwa jina la Orlon. Ni nyepesi, ina joto, inafuliwa bila shida na inakauka upesi, hata wakati wa mvua. Nondo hawaitaki. Lakini akriliki zote si sawa: iko laini, na iko ngumu kama kamba ya mbuzi. Ile yangu ya kwanza ilikuwa ya mbuzi.

Pamba. Hii babu zetu waliijua kwa jasho, maana utawala wa Kibelgiji ulianza kulazimisha watu kuilima mwaka 1917. Ni laini, haiwashi, na inamfaa mwenye ngozi nyepesi. Ubaya wake: ni nzito, haivutiki, ikilowa inakaa na maji muda mrefu, na joto lake ni dogo kuliko la akriliki.

Mchanganyiko wa pamba na akriliki. Ukiupata, usiuache. Unachukua ulaini wa pamba na wepesi wa akriliki.

Ukiona uzi umeandikwa "bambou", ujue kwamba kwa kawaida ni viskosi: mti umeyeyushwa kwa dawa kiwandani, kisha ukafanywa uzi. Ni laini na unang'aa, lakini unalegea ukivaliwa sana. Usiulipie zaidi kwa ajili ya jina.

Pima kwa shingo, si kwa vidole

Vidole vyetu vimezoea jembe, makala na sabuni. Havisikii tena uzi unaokwaruza. Omba muuzaji ruhusa, uweke bonge chini ya sikio au ndani ya kifundo cha mkono, ulisugue kidogo, ungoje ukihesabu mpaka thelathini. Ukianza kutamani kujikuna, rudisha, hata kama rangi imekupendeza.

Kama uzi hauna karatasi, omba kipande kidogo ukakichome nyumbani, mbali na watoto. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na inaacha jivu laini. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua. Akriliki inayeyuka na kuacha tone jeusi gumu.

Hesabu mita, si mabonge

Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Skafu ya mtoto, urefu wa sentimita 120 na upana wa 15, kwa uzi wa unene wa kati, inataka karibu mita 200. Ya mtu mzima inaweza kutaka mara mbili.

Tuseme bonge la kwanza lina mita 100 kwa franki 4,000, na la pili lina mita 210 kwa franki 6,500. La kwanza linaonekana rahisi. Lakini utahitaji mawili, yaani franki 8,000. La pili linatosha peke yake, na franki 1,500 zinabaki kwa chumvi na sabuni.

Nunua mabonge yote siku moja, na uangalie namba ya "bain", yaani chungu cha rangi. Namba zikitofautiana, nyekundu ya juma hili haitafanana na nyekundu ya juma lijalo.

Asiye na fedha ya uzi mpya afungue sweta ya mitumba. Geuza kwanza uangalie mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kushonwa kwa mashine, utapata vipande vifupi visivyofaa. Kama kila kipande kilifumwa na kingo zake, uzi utatoka mrefu. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uufue, uuanike na uzito kidogo chini ili unyooke.

Sindano na kufua

Hata uzi laini unakuwa jamvi ukifumwa kwa kukaza. Kwa uzi wa kati tumia sindano za milimita 5 au 6, na uache mkono ulegee. Ukikosa sindano, vijiti vya mwanzi vilivyochongwa na kusuguliwa vizuri vinafanya kazi.

Fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukifue, ukikaushe, kisha ukiweke shingoni tena. Akriliki nyingi zinakuwa laini zaidi baada ya kufuliwa. Ila usiipige pasi ya makala: joto linaivunja nguvu, inalala na hairudi tena.

Maneno mawili ya hatari

Akriliki ikishika moto inayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Mtoto anayeota moto kwenye mbabula avue skafu kwanza, na mama anayepika aifunge nyuma au aiweke kando.

Tena, mtoto mchanga tusimvike skafu, hasa akilala. Inaweza kumkaba. Yeye tumfumie kofia na soksi.

Na yule msichana?

Skafu nyekundu niliifungua yote. Uzi wake sasa unafunga mafungu ya daftari ofisini. Niliporudi sokoni nilikwenda naye. Alishika mabonge matano, moja moja, akaliweka kila moja chini ya sikio na kufumba macho. Manne aliyarudisha bila kusema kitu. La tano, la rangi ya majani, hakutaka kuliachilia. Lilizidi lile la kwanza kwa franki chache tu.

Amelivaa mpaka mvua zimekwisha. Na sasa ananisumbua kila mapumziko nimfundishe kufuma, maana mama yake naye anasikia baridi.

Wamama, mkutano ujao kila mmoja alete kipande cha sentimita 10 cha uzi anaoutumia. Tutavipitisha shingoni, tutaambiana bei na mahali, na anayejua kufuma atakaa karibu na asiyejua.