Uji Mwepesi, Mtoto Mfupi

Iringa huvuna mahindi hadi kulisha mikoa mingine. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 57 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, yaani urefu wao uko chini ya unaostahili umri wao. Njombe na Rukwa, nao wakulima hodari, wako kwenye nusu. Wastani wa Tanzania nzima ni 30. Kwa hiyo nawaomba wazazi tuache kidogo kutazama ghala, tutazame bakuli la mtoto.

Tupige hesabu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja hubeba robo lita hivi kwa mlo. Uji wa gramu 100 za unga kwa lita ya maji, ule unaonyweka kwa kikombe, humpa takribani kilokalori 90 tu katika robo lita hiyo. Hata akiwa bado ananyonya, anahitaji kama kilokalori 550 kwa siku kutokana na chakula. Ni vikombe sita! Nani atamnywesha vyote hivyo, mama akiwa shambani tangu alfajiri na uji umeachwa kwenye chupa ya chai, mlishaji akiwa dada wa miaka saba? Mtoto hunywa, hushiba, hulala. Kilichomshibisha ni maji.

Akina mama hawazimui uji kwa ubahili. Uji mzito humkaba mtoto, naye huutema. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini wamekuwa wakihimiza kimea cha ulezi, na inanisikitisha kwamba bado nyumba nyingi hazikijui. Loweka ulezi usiku kucha, uoteshe siku mbili tatu kwenye kitambaa chenye unyevu, anika, saga. Pika uji kwa unga maradufu, uepue upoe kidogo, kisha koroga humo kijiko cha kimea. Kimeng'enya kilichomo huvunjavunja wanga, na baada ya dakika chache uji hulegea bila kuongezwa tone la maji. Usikitie uji ukiwa unatokota, kwani joto hukiua. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena, maana mbegu zilizoota huweza kubeba vijidudu.

Nishati peke yake hairefushi mifupa. Uji huo utiwe dagaa waliosagwa, maziwa, au karanga safi zisizo na ukungu. Yai na maharage yaliyopondwa vije mlo mwingine. Chai ya rangi asipewe kabisa: huzuia madini ya chuma yasifyonzwe mwilini.

Halafu kuna mizani. Mtoto aliyedumaa huweza kuwa na uzito unaolingana na ufupi wake, mashavu yamejaa, bibi anamsifia afya. Waliokonda kwa kulinganishwa na urefu wao ni kama 3 tu kati ya 100 nchini, ndiyo maana udumavu hupita machoni petu bila kuonekana. Mtoto huzaliwa na sentimita 50 hivi, huongeza kama 25 mwaka wa kwanza na 12 wa pili. Baada ya hapo urefu uliopotea ni mgumu mno kurudishwa, na anayelishwa biskuti na soda ili "anenepe" huongeza mafuta tu. Mkienda kliniki, mtoto akishuka kwenye mizani, mwombeni muuguzi amlaze pia kwenye ubao wa kupimia urefu, na kipimo hicho kiandikwe kwenye kadi.