Seva Ngapi Zitatosha?

Desemba 2020, Greg Street, wakati huo akiwa mmoja wa wakuu wa Riot Games, alitangaza kwamba kampuni hiyo inatengeneza gemu kubwa ya mtandaoni, ya aina ile ambayo maelfu ya watu hucheza pamoja ndani ya dunia moja. Street aliondoka 2023. Machi 2024, Marc Merrill, mmoja wa waasisi wa Riot, akaeleza kuwa mradi ulishaanzwa upya na kwamba watakaa kimya kwa muda mrefu. Mashabiki wa League of Legends, gemu maarufu ya Riot, bado wanangoja, wakijadili mapigano yatakuwaje na picha zitapendeza kiasi gani. Kwangu mimi, swali zito kuliko yote hayo ni la hesabu: siku ya kufungua, zitawashwa seva ngapi?

Katika gemu nyingi za namna hii, wachezaji wote hawakai mahali pamoja. Dunia ileile hunakiliwa mara nyingi, kila nakala na seva yake, na kila seva ina kikomo cha watu. Ikijaa, anayekuja nyuma hupanga foleni. New World ya Amazon ilipofunguliwa Septemba 2021, idadi ya waliokuwa wakicheza kwa wakati mmoja ilipita 900,000 ndani ya siku chache, na wengine walingoja kwa saa nyingi kabla ya kuingia. Amazon ikaongeza seva haraka haraka. Miezi michache baadaye umati ukapungua, ikabidi seva zianze kuunganishwa. Zile zilizoongezwa ili kupunguza foleni ya wiki ya kwanza zilichangia mahame ya baadaye.

Na hame huua gemu ya namna hii, kwa sababu mchezaji anamhitaji mwenzake. Hakuna mahali hilo lilionekana wazi kama Star Wars Galaxies ya 2003. Mpiganaji aliyerudi na uchovu wa vita hakutibiwa kwa kubonyeza kitufe. Alikwenda kwenye kilabu, akaketi, akamtazama mcheza dansi au kumsikiliza mpiga ala mpaka uchovu ukamtoka. Mcheza dansi huyo alikuwa mtu halisi aliyelipia ada yake kama yeye, na kucheza dansi ndiyo kazi aliyoichagua. Silaha nzuri nazo zilitoka kwa mafundi ambao pia walikuwa wachezaji. Pale kilabuni watu walipiga soga, wakajuana, wakaunda vyama vya wachezaji. Novemba 2005 waendeshaji waliifumua gemu yote na kubakiza fani 9 tu. Wengi waliona kazi waliyoijenga kwa miaka imefutwa, wakaondoka. Gemu ilifungwa 15 Desemba 2011.

Siku 5 baadaye ikafunguliwa Star Wars: The Old Republic ya BioWare, na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mtengenezaji aliige. Miezi kadhaa kabla ya ufunguzi, vyama viliruhusiwa kujiandikisha, kuchagua upande wa Jamhuri au wa Himaya, na kutaja washirika na mahasimu wao. Kisha vikagawiwa seva. Mtu aliingia siku ya kwanza akijua kiongozi wake ni nani na adui wake yuko wapi. Hata hivyo seva zilizofunguliwa zilikuwa nyingi mno. Wateja wa kulipia walishuka kutoka milioni 1.7 mwanzoni mwa 2012 hadi milioni 1.3 ilipofika Mei, na mwaka huohuo wachezaji wakahamishiwa kwenye seva chache.

Suluhisho ninaloliamini zaidi ni lile la Blizzard katika World of Warcraft Classic, Agosti 2019. Seva moja ilipewa matabaka kadhaa ya dunia ileile, yaliyokusudiwa kuondolewa watu wakipungua. Ilikuwa na karaha yake: unaweza kusimama chini ya mti mmoja na rafiki yako msionane, mpaka akualike kwenye kundi lake. Lakini umati ulipopungua, majirani walibaki majirani. EVE Online imeshika njia nyingine. Tangu 2003 karibu wachezaji wake wote wanaishi katika ulimwengu mmoja, na vita ikiwa kubwa mno, saa ya eneo hilo hupunguzwa kasi, hata kufikia 10% ya mwendo wake wa kawaida, ili mashine imudu.

Kwa wanaounda chama Dar es Salaam au Nairobi, kuna la kuongeza: seva itakuwa wapi? Mawimbi ya mwanga kwenye nyaya za intaneti hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda Ulaya na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 40 hata nyaya zingenyooka, nazo hazinyooki. Kubalianeni mapema kanda na seva mtakayoingia nyote, kwa kuwa kumhamisha mhusika baadaye mara nyingi hulipiwa, na kwingine hakuruhusiwi kabisa.