Mkulima anufaike vipi na faru wa Mkomazi?

Wafanyabiashara wa Himo wanajua jinsi utalii wa Mlima Kilimanjaro unavyolipa. Kundi linalopanda kupitia Marangu hukodi wapagazi na mpishi, na hubeba chakula cha siku tano au sita. Nyanya, vitunguu, viazi na ndizi hizo hununuliwa huku chini.

Ukishika barabara ya Same, hali ni tofauti. Huko iko Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,000, inayopakana na Tsavo ya Kenya. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, wafugaji wakaondolewa 1988, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Faru weusi, waliomalizwa na majangili, walianza kurudishwa 1997 kutoka Afrika Kusini. Wanalindwa ndani ya uzio usiku na mchana.

Ulinzi huo ni ghali, na viingilio vya watalii husaidia kuugharimia. Hata hivyo, kiingilio huenda serikalini. Kinachomfikia mkulima wa kijiji cha jirani ni tembo shambani. Kanuni za mwaka 2011 zinampa kifuta jasho, ambacho si fidia ya mazao yote aliyopoteza.

Fedha ya mtalii humfikia mkulima kwa njia ya sahani. Anayetoka Moshi asubuhi na chakula chake kwenye boksi, akarudi jioni, haachi kitu Same. Anayelala hula. Tuseme kambi ina wageni 20 kwa siku 100 za mwaka, kila mmoja akila mara tatu: hizo ni sahani 6,000. Mchele wa Ndungu, tangawizi ya Mamba Myamba na ndizi za Marangu vyote vingepata soko.

Lakini mwenye kambi hanunui kwa kubahatisha. Anataka uzito uleule, siku ileile, pamoja na stakabadhi. Mkulima mmoja hawezi. Kikundi chenye mizani na mkataba kinaweza. Aidha, kwa kuwa malipo ya hoteli huweza kuchelewa, kikundi kiwe na akiba ya kuwalipa wanachama mapema.

Anayeuza mchele kambini ana sababu ya kutoa taarifa akimwona jangili. Aliyebaki na shamba lililokanyagwa hana sababu hiyo.