Saa za Mazoezi Katika Juma

Leo tusome habari za judo, mieleka ya Japani. Bwana Jigoro Kano alianza kuifundisha mjini Tokyo mwaka 1882, kwa wanafunzi 9 tu.

Mwanafunzi wa judo hujifunza kwanza kuanguka bila kuumia. Jambo hilo halishikwi kwa siku moja.

Haya, shikeni kalamu. Mtu akifanya mazoezi siku 2 katika juma, kila siku kwa muda wa saa 1 na nusu, hupata saa 3. Mwaka una majuma 52. Basi, 3 mara 52 ni saa 156. Akikosa siku moja kila juma, hubaki na saa 78.

Na ninyi je, darasani mnakaa saa ngapi kwa juma? Andikeni hesabu yenu. Kwaherini.