Kwa nini kaseti za michezo ya kale ya Japani hupoteza kumbukumbu

MICHEZO ya video ya Japani kama Final Fantasy, iliyotolewa mwaka 1987, na Chrono Trigger ya mwaka 1995, humpa mchezaji nafasi ya shujaa katika hadithi ndefu isiyomalizika kwa siku moja.

Ndiyo maana kaseti zake ziliwekewa betri ndogo, inayotunza kumbukumbu ya mahali mchezaji alipofikia. Betri hiyo ikiisha nguvu, mchezo hubaki lakini kumbukumbu hufutika.

Kwa mwenye kaseti hizo, awe Dar es Salaam au Kasansa mkoani Katavi, fundi redio anaweza kuweka betri mpya. Hata hivyo, kumbukumbu isiyonakiliwa kwanza hupotea mara betri ya zamani inapotolewa, na safari ya shujaa huanza upya.