Kiko si cha babu peke yake

Taja kiko mbele ya vijana wa Nairobi uone. Watafikiria mzee kwenye kigoda, koti kuukuu na kikohozi. Wachache wanajua kwamba neno hilo letu liliwahi kuwa jina la bidhaa iliyouzwa ng'ambo. Viko vya Kiko, vyenye nembo ya ndovu, vilitoka Arusha, kwa kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation. Jiwe lake jeupe lilichimbwa bonde la Amboseli, pale mpaka wa Kenya na Tanzania unapopita chini ya Kilimanjaro.

Hilo jiwe, meerschaum, lina vituko. Likiwa limelowa, kisu kinalikata kama sabuni. La Uturuki, ambalo ndilo maarufu zaidi duniani, likikauka huelea majini. La kwetu ni zito kidogo. Ukilivutia tumbaku kwa miaka, weupe unageuka manjano, halafu kahawia.

Wanaochonga nyumbani lakini wengi huanza na mti. Mti wenyewe ni briar, yaani kile kivimbe kinachoota kati ya shina na mizizi ya Erica arborea. Huchimbwa nchi za Mediterania, huchemshwa kwa saa nyingi kutoa utomvu, kisha hukaushwa polepole, wakati mwingine kwa miaka, ndiyo usipasuke ukishikwa na moto. Cha kushangaza, mti huohuo unamea Mlima Kenya na Aberdare. Usipande huko na panga, hiyo ni mbuga. Agiza kipande mtandaoni.

Jamaa yangu mmoja wa Eastlands, fundi wa vitanda mchana, huchonga usiku. Shughuli yote iko kwenye kutoboa. Tundu la tumbaku lina upana wa kama milimita 20. Njia ya moshi ni milimita 4 hivi, na lazima itokee chini kabisa ya lile tundu, katikati. Ikitokea juu, majimaji yanabaki chini, tumbaku haiishi kuungua na kiko kinalia kama mtu anayemaliza soda kwa mrija. Kurekebisha hapo ni ngumu. Ndiyo maana hutoboa kwanza, kisha ndiyo anakuja na tupa kutafuta umbo. Baada ya hapo ni msasa, wa kukwaruza hadi laini, jioni baada ya jioni. Vanishi ndani ya tundu? Asilani, utaivuta.

Kuvuta nako kuna ustadi wake: unashindilia kidogo kidogo, unawasha mara mbili, unavuta taratibu bakuli lisichome mkono. Wapenzi wa kiko hupenda kusema hawamezi moshi, kwa hivyo hakuna shida. Hapo tutakosana. Nikotini hupita kwenye ngozi ya mdomo, na saratani ya mdomo, ulimi na koo haijali kama kiko ulikichonga mwenyewe. Sheria nayo, ile ya 2007 ya kudhibiti tumbaku, inakataza kuvuta hadharani na kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kwa hivyo usikitoe kwa matatu ukidhani ni sanaa.

Yule jamaa ana viko vinne kwenye rafu, juu ya redio. Kimoja tu ndicho kimewahi kuona moto. Vingine huvishika tu, akavipangusa na kitambaa, akavirudisha.